Bastola Iliyogeuka Ngiri

Mke wangu ndiye aliyetaka ninunue bastola. Mimi nilitaka mbwa.

Kazi yangu ni kununua asali. Naishi Shanwe, hapa Mpanda, na msimu ukifika natoka na pikipiki kila wiki hadi Mishamo, kwenye makazi ya Warundi, nyumbani kwao mke wangu, kukusanya ndoo kutoka kwa warina asali. Sehemu kubwa ya njia ni pori tupu. Siku moja, saa nne asubuhi, nilikuta gogo limelazwa barabarani na wanaume wawili wenye mapanga wamelikalia, wananipungia kama wanaosubiri basi. Wakachukua begi, simu na ndoo moja. Kisha mmoja akanivua helmeti, akaivaa, akamuuliza mwenzake kama imemkaa vizuri. Mwenzake akasema inambana masikio. Akaondoka nayo hivyo hivyo.

"Mbwa utampakia wapi, juu ya ndoo?" mke wangu aliniuliza jioni ile. "Ama upate silaha, ama uache kazi."

Nikaanza kuomba kibali. Kamati ya usalama ya kata ilinihoji kama napiga mke, kama nalewa, kama nina ugomvi na jirani. Nilijibu hapana mara tatu, ingawa kuhusu jirani nilimeza mate kwanza. Polisi nako nikahojiwa tena. Ofisa aliyenikabidhi karatasi zangu alinionya kwa sauti ya chini: "Mzee, bastola inayojulikana ni bastola inayotafutwa na wezi. Usimwambie mtu. Mkeo basi." Nilimwahidi, na hiyo ahadi ndiyo iliyonitesa.

Bastola niliifuata Dar es Salaam. Muuzaji alipanga tatu juu ya kitambaa. Mbili zilikuwa zinang'aa, na bei zake zilinifanya nirudi nyuma hatua moja. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyeusi, fupi kama kipande cha sabuni ya mche.

"Hii mbona rahisi hivi?" nikamuuliza. "Inafanya kazi kweli?"

"Mzee, risasi haijui bei," alisema.

Maneno yalikuwa matamu, lakini ya muuzaji. Kwa hiyo kabla ya kuifunga kiunoni nilikwenda nayo uwanja wa shabaha, kwa mwalimu mmoja, mwanajeshi mstaafu mwenye mikono kama majembe. Nikapiga risasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ikakwama. Akaikwamua, nikapiga mbili, ikakwama tena. Nikamwambia nimeuziwa mbovu. Akaichukua, akapiga risasi zote zilizobaki bila hata moja kukwama, akanirudishia.

"Bastola ndogo inataka mkono mgumu," akasema. "Ikirudi nyuma ikute mkono umesimama. Wewe umeishika kama unamsalimia mama mkwe."

Nilikaa kwake siku nne. Alinipigisha mpaka vidole vikafa ganzi. Alinifundisha kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uamue, na kwamba kuamua ndiyo sehemu ngumu kuliko kulenga. Siku ya nne haikukwama hata mara moja, na mimi nikarudi Mpanda nikiwa nimeiamini kabisa. Nilikuwa sijajua kuwa shida haingetoka kwake.

Ilitoka kwenye mfuko wa kuivalia. Nilimwendea fundi viatu nikamwambia anishonee mfuko wa ngozi wa kuvaa ndani ya suruali. Wa nini, akauliza. Kwa sababu ya ile ahadi, nikasema wa koleo. Fundi yule ni mtu makini. Akasema hawezi kushona bila kipimo, nilete hiyo koleo. Nikaenda nyumbani nikamletea koleo. Akashona mfuko mzuri sana, wa koleo.

Bastola iliingia, lakini kwa ubishi. Ililala upande, ikatokeza mbele, chini kidogo ya mkanda upande wa kulia, ikafanya kivimbe cha ukubwa wa embe bichi. Nikikaa ilinichoma. Nikishuka kwenye pikipiki ilibidi nitangulize mguu mmoja, niushike upande ule kwa kiganja, niirudishe mahali pake, ndipo nisimame. Nilivaa mashati mapana nikadhani nimemaliza.

Wiki ya tatu nilikuwa Mishamo, nimekaribishwa kigoda uani kwa mama mkwe. Nilikaa taratibu, mguu nimeunyoosha. Alinitazama, akatazama pembeni haraka, akaingia ndani. Mkwe hawezi kumuuliza mkwewe habari za maeneo yale. Akampigia simu binti yake.

"Mumeo ana ngiri?"

Mke wangu alinisimulia baadaye huku akijifuta machozi ya kicheko. Naye alikuwa ameahidi kunyamaza. Kwa hiyo alimjibu mama yake, "Ni mambo ya wanaume, mama, tuyaache." Kwa mama yule, jibu hilo lilikuwa sawa na karatasi ya hospitali.

Basi nikawa mgonjwa. Warina asali waliokuwa wakiniacha nibebe ndoo zangu mwenyewe sasa waliziinua kabla sijazigusa. Wanawake walinipa viti vyenye mito. Hata Ilembo, huku kwetu Mpanda, mzee mmoja mfugaji wa Kisukuma, ninayemuuzia asali ya dawa ya kifua, alinivuta nyuma ya zizi, akapandisha shati, akanionyesha kovu lake.

"Nilikuwa naogopa kisu kama wewe," akasema. "Siku saba tu, nikarudi kuchunga. Na wewe, imeshuka mpaka wapi?"

"Siyo mbaya sana," nikasema.

"Wote tunasema hivyo," akasema, akanishika bega kwa huruma.

Nilimwomba mke wangu tumalize jambo hili, tumwambie hata mama peke yake. Akaniambia mama hajawahi kutunza siri zaidi ya umbali wa kisimani. Nikaendelea kuugua.

Ndipo ikaja asubuhi ile. Nilikuwa natoka Mishamo na ndoo nne, nimeshaacha mashamba nyuma, nikaona kwenye kioo pikipiki nyekundu inanifuata. Watu wawili, nyuso zimefungwa vitambaa. Wa nyuma amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa kitenge, na mkono mmoja ananipungia. Wale wa gogo nao walinipungia. Nikaongeza mwendo. Wakaongeza. Ndoo nne hazikimbii, na wao walizidi kukaribia.

Kwenye kona moja niliamua. Nikasimamisha pikipiki, nikaruka upande wa pili, nikaingiza mkono ndani ya shati. Bastola ikang'ang'ania ule mfuko wa koleo. Nikavuta kwa nguvu, ikatoka pamoja na vifungo viwili vya shati. Nikainyanyua kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa, mkono mgumu. Wakatokea konani.

"Simameni hapo hapo," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Pikipiki yao iliyumba ikalala. Wote wawili wakaanguka chini, mikono juu, na kile cha kwenye kitenge kikabingirika barabarani. Kilikuwa dumu.

"Shemeji," wa nyuma akasema akiwa amelala kifudifudi. "Shemeji, ni sisi."

Akashusha kitambaa kilichokuwa kinamkinga na vumbi. Alikuwa mdogo wake mke wangu. Aliyekuwa akiendesha ni kaka yao mkubwa, aliyenipokea siku ya posa.

"Mama katutuma," akaendelea. "Ulisahau dawa aliyokuchemshia. Tumekuita tangu kwenye mashamba."

Nikaangalia kidole changu. Kilikuwa nje ya kifyatulio. Nilikiangalia kwa muda mrefu, kama siyo changu. Kisha nikakaa chini barabarani, bastola nimeiweka kwenye nyasi, mdomo wake umeelekea porini. Kaka mkubwa ndiye aliyeinuka kwanza. Akajikung'uta, akaja pole pole, akatazama bastola, akatazama kiuno changu kilichokuwa kimenyooka sasa bila kivimbe.

"Kumbe ngiri yenyewe ndiyo hiyo," akasema.

Mdogo wake akaanza kucheka akiwa bado chini. Kaka mtu akafuata. Mimi nilicheka mwisho, na katikati ya kucheka nikaona ninalia, nao wakajishughulisha na kuinua pikipiki yao mpaka nikamaliza.

Walinirudisha. Nilisema mwenyewe, sikuwaachia wao. Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa mapajani.

"Ungewaua wanangu kwa sababu ya asali?" akauliza.

"Nilidhani ni wezi, mama."

"Oya," akasema, akitikisa kichwa, ile hapana yao ya Kirundi isiyo na mlango. "Nyie mnaofunga siri kiunoni, mnaona wezi kila mahali. Ungesema una silaha, wangekuja na nyuso wazi na kupiga honi."

Nilimwomba msamaha kwa magoti, kama inavyotakiwa, na wale shemeji zangu nao nikawaomba mmoja mmoja. Mama akaupokea. Halafu akaniletea dumu na kikombe. Nikamkumbusha kwamba siumwi.

"Mizizi hii nimeifuata mbali kwa miguu," akasema. "Kunywa."

Nilikunywa vikombe viwili vilivyokuwa vichungu kuliko shubiri. Usiku ule sikulala, na kesho yake sikupanda pikipiki. Siwezi kusema inatibu nini, ila hakuna kilichobaki tumboni.

Bado ninayo bastola. Kibali nakihuisha kila muda wake ukifika, na kila nikipata nafasi ya kusafiri napitia kwa yule mwalimu, napiga risasi kadhaa, haikwami. Nilinunua mfuko mwingine, uliotengenezwa kwa ajili yake. Nimesikia wenye fedha wakisema bastola za bei ya chini ni za kutupwa. Yangu haijanidanganya hata siku moja, na siku ile ilikuwa tayari kufanya kila nilichoiambia, ndiyo maana naiheshimu na kuiogopa. Siku nyingi inabaki nyumbani ndani ya kasha la chuma, na funguo anazo mke wangu.

Njia ya Mishamo siku hizi sipiti peke yangu. Shemeji mdogo anaendesha pikipiki ya pili na kubeba nusu ya ndoo. Anaongea kutoka kwao mpaka Mpanda, upepo ukivuma anaongeza sauti, habari za kaka yake, za mpira, za msichana wa Kawajense anayetaka kumposa na ambaye bado hajaambiwa. Juzi aliniuliza, ukienda kwa wakwe mara ya kwanza, unavaa shati la kubana au pana. Nikamwambia la kubana.