Ukuta wa Sebuleni kwa Mama Nimco

Mativo alichonga vinyago karibu maisha yake yote, na twiga wake walifika Ulaya kabla yeye mwenyewe hajafika hata Mombasa. Wateja walipoadimika, alichukuliwa mjengoni na Naftaly, mume wa binti yake Ndindi. Naftaly ni fundi wa plasta anayejulikana Nairobi kutoka mtaa wa Tena hadi Pipeline, na mdomo wake unajulikana kuliko mwiko wake.

"Masinde, huo ukuta umeupiga plasta ama umeutapikia?" alimuuliza fundi mwenzake siku moja, watu wote wakisikia. Masinde alicheka, akabandua, akarudia. Mjengoni watu hufunzwa hivyo. Darasa hakuna, kuna kufokewa.

Mativo peke yake hakufokewa. Kwa Wakamba mtu hapazi sauti mbele ya baba wa mke wake. Hata kumkazia macho ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kila mara Naftaly alipita kukagua kazi yake, akakohoa, akasema, "Iko sawa, Baba," akaenda zake. Na mzee wa watu akaamini. Tusimcheke sana, maana ni nani kati yetu akisifiwa huuliza mara mbili? Akaanza kutembea kifua mbele. Ikafika siku akamwambia Masinde kwamba yeye, kwa mikono yake ya uchongaji, hakuhitaji kufundishwa ukuta na mtu yeyote.

Basi ukaja ukuta wenyewe. Sirad, mfanyabiashara wa vitambaa ambaye majirani humwita Mama Nimco, alitaka sebule ya nyumba yake mpya ya Tena ikamilike kabla wageni hawajaja kumposa binti yake. Naftaly akaingia kupiga plasta jikoni, Mativo akaachiwa ukuta mkubwa wa sebuleni.

Hapo uchongaji ukamponza. Mchongaji hatupi kitu. Kigogo kilichokataa kuwa simba atakigeuza ndege. Mota, ule mchanganyiko wa simiti na mchanga, ilipoanza kushika na kuwa ngumu kwenye karai baada ya chakula cha mchana, Mativo hakuimwaga. Aliiongezea maji, akaikoroga mpaka ikalainika tena, akaipaka. Fundi yeyote angemwambia kwamba simiti ikishashika haifufuki kwa maji, hulainika kwa macho tu. Lakini nani angemwambia? Akausugua ukuta ule mpaka ukang'aa. Ulipendeza ajabu. Jioni Naftaly aliugonga kwa mpini wa mwiko, hapa na pale, akasimama kidogo.

"Iko sawa, Baba," akasema.

Siku ya posa, wazee wa upande wa bwana harusi waliketi wakiegemea ukuta huo. Mmoja alijigeuza apokee chai, na bamba zima la plasta likamshukia mabegani. Vumbi lilifika mpaka kwenye sambusa.

Kesho yake Mama Nimco aliwaita. Alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, kifusi bado kiko chini.

"Naftaly, nilikuambia kazi ya ghorofa ya juu ni yako," alisema. "Sasa nitatafuta mtu mwingine. Huu ukuta nani alifanya?"

"Ni mimi, Mama," Naftaly akajibu.

Mativo alikuwa nyuma yake. Alisikia jina zuri la kijana wa watu likivunjwa kwa kosa lake, naye ulimi umemganda. Aliona aibu kwa kosa, kisha akaona aibu kubwa zaidi kwa kule kunyamaza. Mama Nimco alikwisha kuwaonyesha mlango ndipo sauti ikamtoka mzee.

"Mama Nimco, ukuta huo ni wangu. Nilifufua mota."

Mama Nimco alimtazama, kisha akamgeukia Naftaly. "Na wewe ndiyo fundi. Hukuangalia?"

"Niligonga," Naftaly alisema polepole. "Nikasikia ndani ni tupu."

"Mbona ukanyamaza?"

"Ni baba ya bibi yangu, Mama."

Mativo alitamani ardhi ipasuke. Kumbe zile "iko sawa" zote zilikuwa heshima tu, na yeye alikuwa amezivaa kama sifa.

"Hata kwetu Wasomali mkwe anaheshimiwa," Mama Nimco akasema, sauti imepoa. "Lakini si kwa ukuta wangu. Bandueni, mrudie. Nitagonga mwenyewe, halafu tutaongea mambo ya huko juu."

Walianza kubandua. Masinde hakumtania mzee hata kidogo, na huko kutotaniwa kulimuuma. Mwishowe Mativo akamwambia Naftaly, "Nifokee kama wengine." Naftaly akaendelea kuchokoa ukuta. Walipoanza kupaka upya, mota kwenye karai ikaanza kushika, na mkono wa Mativo, kwa mazoea tu, ukaenda kwenye ndoo ya maji.

"Wee mzee, mwaga hiyo kitu! Unataka niharibikiwe mara ngapi?"

Ilikuwa sauti ya Naftaly. Naftaly mwenyewe alishtuka kuliko wote. Aliweka mwiko chini, akamaliza siku hiyo akifanya kazi chumba kingine. Ukuta ulisimama vizuri, Mama Nimco aligonga akaridhika, lakini Naftaly hakumsemesha tena mkwewe. Jumapili Ndindi akapiga simu. Mumewe hakuwa anakula vizuri. Alikuwa akisema amemtusi baba.

Mkamba wa rika la Mativo haendi kwa mume wa binti yake bila kualikwa. Alienda. Alipanda ngazi za ghorofa lao huko Pipeline akipishana na ndoo na watoto, akabisha hodi. Naftaly alifungua akiwa na fulana, akaona ni nani, akarudi ndani mbio kutafuta shati.

"Sikuja kama mkwe," Mativo alisema akiwa bado mlangoni. "Nimekuja kuuliza kesho nishike kazi gani. Na uniambie ukweli."

Naftaly alifunga vifungo, macho chini. Kisha akayainua.

"Mwiko bado, Baba. Utakoroga tu. Nikiona umejua kukoroga, tutaongea."

Ndindi alikuwa anasikia, na wajukuu pia. Mativo alihisi uso ukimwaka kwa aibu, mtu mzima amenyang'anywa mwiko mbele ya watoto.

"Sawa, fundi," akasema.