Kiganja cha Kukhu Mgongoni

Harufu ya sukari nguru inapochemka haina haraka. Huanza na kitu kama hindi la kuchoma, kisha utamu wake huteremka puani hadi kooni na kukaa hapo kama mgeni aliyeambiwa ajisikie nyumbani. Nilikulia Kabras, upande wa Malava, ambako miwa ilianzia nyuma ya choo chetu na kuendelea mpaka macho yachoke. Ng'ambo ya kijito palikuwa na kinu cha sukari nguru, na kila asubuhi moshi wake ulivuka maji ukaingia darasani bila kubisha hodi. Wageni waliziba pua. Sisi tuliijua harufu ile kama tunavyowajua ndugu zetu: ikiwa nzito, mvua haiko mbali, ikiwa na uchungu kidogo, mpishi amesinzia na sufuria limeungua. Sikujua kwamba hiyo ndiyo ingenifundisha kuimba, mimi niliyeamini nimezaliwa nikijua.

Kwetu, kuimba kulikuwa kupaza sauti. Wimbo usiofika boma la jirani ulihesabiwa kuwa ugonjwa, na aliyeuimba akaulizwa kama amekula. Mimi nilikuwa mwanzishaji wa nyimbo, shuleni na kanisani. Nilikaza shingo, nikafumba macho, nikaachilia, na wenzangu wakanipokea kwa kishindo. Watu walinisifu sana, nami nikazipokea sifa zote, sikubakisha hata moja. Lakini sababu ya makelele yangu nilikuwa naijua mwenyewe. Kukhu, bibi yangu mzaa baba, alikuwa akipoteza uwezo wa kusikia. Tulilala chumba kimoja, na kila jioni aliniambia, "Imba, omwana wanje. Imba nguvu, hii masikio inafungwanga kama duka." Niliogopa siku ambayo duka lile lingefungwa kabisa. Kwa hiyo kila masikio yake yalipofifia kidogo, mimi niliongeza nguvu kidogo, mpaka muhula mmoja, wakati wa palizi, sauti yangu ikakatika.

Haikukatika kwa heshima. Ilikatika kanisani, katikati ya wimbo, ikatoa mlio wa bawaba kavu, na wavulana wa nyuma wakacheka mpaka wakatolewa nje. Siku ya wazazi shuleni ilikuwa inakaribia, na mimi ndiye niliyepaswa kuanzisha wimbo. Kukhu alikuwa ameshaahidi kuja. Nyumbani tiba ilikuwa inajulikana: yai bichi la kuku wa kienyeji, lililopigwa na limau. Nilikunywa mayai mengi sana, hata kuku wakaanza kunikwepa uani. Kukhu alinisimamia mpaka tone la mwisho, huku akinisugua koo kwa kidole gumba. Sauti haikurudi. Kilichorudi ni yai lenyewe, na hilo nalo lilirudi darasani.

Ndipo Mwalimu Nekesa akaniita. Alikuwa mgeni shuleni, mwanamke mfupi, mpole, aliyezungumza chini kiasi kwamba ilibidi unyamaze ili umsikie. Aliniambia niimbe sentensi moja. Nilipojaribu, akaniwekea vidole viwili shingoni. "Hapa ndipo unapobebea mzigo wote," akasema. "Shingo si punda." Akanikataza kuimba, kupiga kelele, kufokea ng'ombe, hata kunong'ona, kwa maana alisema kunong'ona nako huchosha koo. Nikawa bubu. Nilikaa mwisho wa darasa nikiwatazama wenzangu wakifungua vinywa, na ninakiri nililia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mimi wakati ule niliona kimya tu. Mshindo sikuuona popote.

Wiki iliyofuata alitulaza sote sakafuni, chali, kila mmoja na gunzi la hindi juu ya tumbo. "Vuteni pumzi kwa pua," alisema, "mpaka gunzi lipande. Mabega yakae palepale. Sasa tafuteni harufu ya sukari. Msifikirie wimbo, msifikirie siku ya wazazi. Ukijikuta mawazo yamekwenda nyumbani, usijigombeze. Rudi tu kwenye harufu." Mawazo yangu yalikwenda nyumbani kila mara, kwa Kukhu na masikio yake, na kila mara nikayarudisha kama mtu anayerudisha mbuzi aliyekata kamba. Baadaye tuliketi wawili wawili, mmoja akimwekea mwenzake kiganja mgongoni, chini ya mabega, asikie pumzi inavyofungua mbavu. Ikafika siku akaniruhusu kuguna tu, midomo imefungwa. Mlio ulikuwa mdogo, wa ndama. Lakini haukuwa na mikwaruzo, nami nikahisi ukitetema mpaka mgongoni.

Habari ziliwafikia wazazi kwamba tunafundishwa kulala. Baba yangu, mwimbaji wa besi kanisani na mtu wa kusema wazi, alikwenda shuleni kabla ya kifungua kinywa. Nilimsikia dirishani. "Mwalimu, kwetu watu wanaimbanga wamesimama. Huyu mtoto umemlaza, umemnyamazisha, sasa mama yangu atasikia nini hiyo siku?" Mwalimu Nekesa alimjibu kwa sauti yake ya chini, "Mzee, akiendelea kupiga kelele, mama hatasikia kitu, na mtoto hatakuwa na sauti ya kesho." Baba alirudi nyumbani akinung'unika. Mimi nilibaki na swali lake moyoni. Lilikuwa swali langu pia.

Siku ya wazazi, Kukhu aliletwa kwa pikipiki, amevaa kitambaa chake cha kanisani, akaketishwa kiti cha mbele kabisa. Kinu kilikuwa kimefungwa siku hiyo, hakukuwa na harufu ya sukari hata kidogo. Nilitafuta, nikapata nyasi zilizofyekwa na mafuta ya kujipaka ya wenzangu, nikaridhika na hizo. Nilivuta pumzi, mabega yakatulia, nikaanza. Sauti ilitoka laini, ikasimama yenyewe. Watu wa nyuma wakanyoosha shingo. Lakini uso wa Kukhu haukubadilika. Alinitazama mdomo kama mtu anayetazama mvua kupitia dirisha, nami nikajua hasikii. Nilitamani kukaza shingo na kupiga ukelele wangu wa zamani, na shingo ilikuwa tayari.

Mara Kukhu akainuka na fimbo yake, akaanza kuja. Watu wakashangilia, wakidhani anakuja kunitunza, kwa maana mcheza kwao hutunzwa. Mikono yake haikuwa na kitu. Mwalimu Nekesa akaniashiria niendelee. Kukhu alinizunguka polepole, akasimama nyuma yangu, akaniwekea kiganja mgongoni, chini ya mabega, mahali palepale. Hakuna aliyemfundisha. Nikaimba mpaka mwisho na joto la mkono wake limenikaa mbavuni, na wimbo ulipokwisha akapaza sauti kama wafanyavyo wasiosikia: "Iko hapa! Wimbo iko hapa!" Uwanja mzima ukacheka, na Baba akainama kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Jioni nilimuuliza Kukhu alijuaje. Akaniambia, "Nilikubebanga mgongoni. Ukilia, mgongo yangu ilijua mbele ya masikio." Nilimpenda siku ile kuliko nilivyoweza kusema.

Kukhu alishatuacha. Mimi sasa nafundisha kuimba mjini Kakamega, katika chumba kilicho nyuma ya soko, ambako honi za bodaboda hazipumziki na harufu kubwa ni ya chapati na moshi wa pikipiki. Vijana wanakuja na simu zao, wanataka kuimba kama wale wa kwenye simu, na wanataka leo. Nawalaza chini na magunzi. Wanachekelea, mmoja huuliza, "Madam, kwani hii ni darasa ama lodging?" kisha baada ya muda kidogo chumba kinatulia na magunzi yanapanda na kushuka. Sisi tulikuwa na utulivu mwingi kiasi cha kuuharibu kwa makelele. Hawa wanaukosa, na wakiuonja wanarudi kuutafuta. Sijui ni nani kati yetu mwenye bahati zaidi.

Mwezi uliopita Baba alikuja kunitembelea katikati ya somo. Amezeeka, na masikio yake yameanza kufuata ya mama yake. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akawatazama wanafunzi waliolala chali, nami nikangoja dhihaka. Hakutoa dhihaka. Alivuka magunzi kwa uangalifu, akanijia, akanigeuza kwa bega, na kiganja chake kipana kikatua mgongoni pangu.

"Anza," akasema. "Na usipige kelele."