Mkwe Aliyenaswa na Kayaba

Kailemia Muthamia ni mtu wa Nchiru kwa kuzaliwa na mtu wa mjini Embu kwa riziki, na ukimwuliza kazi yake atakwambia kwanza kwamba ni mwendesha baisikeli. Kazi yenyewe ni kuuza dawa za ng'ombe na mbegu za mahindi katika duka moja karibu na soko. Ana miaka arobaini na kitu, kitambi anachokiita akiba ya safari, na baisikeli ya magurudumu manene aliyoinunua kwa mtu aliyekuwa amekata tamaa nayo. Kila Jumamosi yeye na wenzake wa chama cha baisikeli huikimbia lami. Hushika njia za changarawe zinazopita katikati ya nyua za kayaba, miti ya miiba mirefu, wakateremka hadi mtoni, wakapanda upande wa pili ndimi nje, kisha wakateremka tena. Nchi hii ya chini ya mlima iliumbwa hivyo: mgongo, bonde, mto, mgongo mwingine. Mtu mwenye akili zake hupanda gari. Kailemia husema hivyo mwenyewe, kabla hujamtangulia.

Katika chama yeye ndiye mkuu wa njia, cheo alichojipa wakati wenzake walikuwa wameshughulika na chapati. Jioni hukaa na simu akichora njia mpya na kuzibatiza. Kuna Kilima cha Toba, ambapo alitapika, na Mteremko wa Naftaly, ambapo mweka hazina wao Naftaly aliliacha jino lake la mbele. Kailemia hujipiga kifua kwamba hakuna kichochoro kati ya Embu na msitu asichokijua. Ukweli ni kwamba hupotea kila wiki, ila hupotea kwa kujiamini, na watu humfuata mtu anayejiamini hata akiwaingiza kwenye boma lenye mbwa.

Kupotea huko ndiko kulikomkosanisha na mkewe. Njoki ni mwalimu wa chekechea, na kwao ni kwenye mgongo mmoja juu ya Kianjokoma, penye mashamba ya chai. Mwezi wa Agosti mama yake alifungua nyumba mpya ya mawe, kwa maombi na wageni na mapishi ya siku mbili. Njoki na binti yao Kendi walitangulia kwa gari. Kailemia akasema yeye atakuja kwa baisikeli, kwa njia ya mkato aliyoigundua. Mkato ule ulipitia mabonde matatu, shamba la kahawa la mtu mkali, na uwanja wa shule ambao haukuwa kwenye simu yake. Wageni waliomba, wakala, wakauliza, "Na mkwe yuko wapi?" Wakauliza tena. Pasta alipoita jamaa wasimame wawili wawili mlangoni wabarikiwe, Njoki alisimama na pengo kando yake. Kailemia alifika sufuria zikisuguliwa, na neno la kwanza kumtoka, Mungu amrehemu, lilikuwa idadi ya kilomita alizopiga.

Njoki hakupiga kelele. Alibaki tu kwa mama yake, yeye na Kendi. Shule zilipofunguliwa, akawa anateremka kazini asubuhi na kupanda kwao jioni, na nyumba ya mjini ikabaki na Kailemia na vyombo vyake vichafu.

Huku kwetu, mtu ambaye mkewe amerudi kwao hamfuati peke yake kama anayetafuta kuku aliyepotea. Huenda na wazee, sukari na maneno laini. Mzee Murungi wa kanisani kwao alikubali kuongoza msafara. Lakini Njoki akatuma neno: "Wasikuje kwanza. Bado sijajua kama niko na bwana." Maneno hayo yalimkosesha Kailemia usingizi. Dukani alimuuzia dawa ya kupe mtu aliyetaka mbegu za kabeji. Alikuwa ameteremka miteremko ya kuvunja shingo akiimba, na sasa aliogopa, kwa kweli aliogopa, sentensi moja ya mwalimu wa chekechea.

Mtu mwingine angetulia angoje. Kailemia akachora njia.

Aliiita mazoezi. Aliwaambia wenzake kwamba Jumamosi hiyo anataka kupima pumzi peke yake, na Naftaly akamwangalia kwa huruma. Njia ilipanda kutoka mjini hadi Kianjokoma, ikashika mgongo wa kwao Njoki, kisha ikateremka kwa kichochoro kinachopita ubavuni mwa boma lao hadi mtoni. Chini kule, mtu akijibanza nyuma ya migomba, huweza kuuona uwanja wao, kamba ya nguo, na pengine mwenye kuzianika. Hilo tu ndilo alilolitaka: amwone mkewe, ajue amekonda au hajakonda, aende zake.

Hatari ilikuwa moja, mama mkwe. Mkwe na mama mkwe huku huheshimiana kwa kukwepana. Wakikutana, mwanamume huiacha njia, hutazama kando, na huwa amevaa kiheshima, koti likipatikana. Kailemia alikuwa amevaa kaptura nyeusi ya kubana, iliyonunuliwa kabla kitambi hakijafika hapo kilipofika. Lakini alikuwa amepiga hesabu. Saa hizo mama mkwe huwa juu kwenye kituo cha majani chai, akingoja lori la kiwanda pamoja na wenzake. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ila mvua ya usiku ilikuwa imeharibu barabara, lori halikuja, na mama mkwe akaona ateremke mtoni akamkatie ng'ombe majani ya napia.

Kailemia alikuwa katikati ya mteremko, kayaba kulia na kayaba kushoto, zimekatwa wima kama ukuta, alipouona mzigo wa majani ukipanda kumkabili. Chini ya mzigo palikuwa na gambuti za bluu, buti ndefu za mpira. Gambuti zile alizinunua yeye mwenyewe, zawadi ya Krismasi.

Heshima ilimwambia aiache njia. Njia haikuwa na pa kuachia. Baadaye alipofikiri aliona angeweza kusimama, akageuka, akapanda alikotoka kama binadamu. Wakati ule alifanya alichofundishwa tangu utotoni: aliona mama mkwe, akatoka njiani. Alifunga breki, gurudumu la mbele likachimba, na Kailemia akaingia ndani ya ua wa kayaba kwa mgongo, miguu juu.

Mwiba wa kayaba una urefu wa kidole na hauna mzaha. Ulimshika fulana, mikono, na kaptura mahali ambapo kaptura haikuwa na kitambaa cha ziada. Kila alipojaribu kujinasua alijifunga zaidi. Alisikia gambuti zikisimama. Mzigo wa napia ukageuka taratibu, ukatazama upande mwingine.

"Ni nani ameshikwa na ua?" sauti iliuuliza mto.

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Baba Kendi. Mkwe wako."

"Hiyo ya mkwe mimi sijui. Hiyo ni maneno ya Njoki. Mimi nimeona tu kitu nyeusi ikianguka, nikafikiri ni nyani."

"Samahani sana, mama."

"Na umevaa ama hujavaa?"

"Nimevaa, mama. Ni nguo ya mchezo."

"Ya mchezo," alisema mama mkwe. "Haki, ni mchezo."

Akafungua leso iliyokuwa kiunoni, akaitupa nyuma bila kugeuka. Ikaangukia baisikeli. Kailemia alinyoosha mkono, kayaba ikaurudisha. Basi mama mkwe akajaza kifua pumzi, akaita kuelekea bomani kwa sauti iliyozoea kuita ng'ambo ya bonde: "Njokiii! Kuja na panga! Ua imekula mtu!"

Kailemia alifumba macho. Kwa wiki nzima alikuwa amejipangia namna Njoki atakavyomwona tena: koti la kijivu, kiatu kilichong'aa, Mzee Murungi akisema yale ya kusemwa.

Njoki alikuja mbio, mikono ina povu la sabuni, panga mkononi. Alipoona ni nani, mbio ziliisha. Hakucheka. Kailemia angetoa chochote ili acheke. Aliokota leso, akamfunika, akaanza kukata matawi moja moja, kama mtu anayepunguza ua wake siku ya kawaida. Hakuwa amekonda. Hilo Kailemia aliliona, na likamuuma kuliko mwiba wowote.

"Ulikuwa unaenda wapi?" Njoki aliuliza.

"Ni mazoezi. Kuna njia mpya ya..." Akaliona panga, akauona uso. "Nilitaka kukuona. Kutoka hapo chini kwa migomba. Nione tu kama uko sawa."

"Na ukishaniona?"

"Ningerudi."

Panga lilisimama. "Kwa hivyo hata leo ulikuwa unapita tu."

Kailemia, mkuu wa njia, hakuwa na pa kupitia. Alisema ndiyo. Alisema siku ya nyumba angeweza kupanda gari, na alijua angeweza, ila alitaka aingie uwanjani na baisikeli watu wote wamwone. "Walikuwa wanakuangalia wewe, umesimama peke yako," alisema. "Na mimi nilikuwa nikitaka waniangalie mimi. Naona aibu, mama Kendi."

Njoki alilikata tawi la mwisho, akamvuta kwa kwapa, na Kailemia akatoka akakaa chini njiani, leso ya mama mkwe imemzunguka kiuno, ina maandishi ya kumtakia mema mwenye kuivaa.

Ndipo mzigo wa napia, ambao ulikuwa haujasogea, ukasema kuelekea mtoni.

"Njoki. Niambie neno, mgongo inauma. Mguu ya mkwe nikiiona mpaka juu hivyo, hiyo haioshwi na maji. Hiyo ni mbuzi. Lazima alete, wazee wakule, ndio mimi na yeye tusalimiane tena. Lakini kama huyu si mkwe, kama ni mtu tu wa baisikeli ameanguka, hana kosa. Atuachie leso, aende na amani. Sasa mimi nimeona nani?"

Mtoni chini maji yalikuwa yakipiga mawe. Kailemia hakuthubutu kumtazama mkewe. Alitazama gurudumu lililopinda na kujiombea, kwa mara ya kwanza maishani, apatikane na hatia.

Njoki alikuwa ameshika mwiba uliobaki kwenye bega la mumewe. Aliung'oa, akautazama, akautupa ndani ya kayaba.

"Ni mbuzi, mama," alisema.

"Umesema?"

"Nimesema ni mbuzi. Alete. Na akuje na wazee, kwa barabara ya gari, na avae suruali."

"Sawa," mzigo ulisema, ukaanza kupanda. Ulipowapita ulikuwa ukitikisika, na haikuwa kwa uzito.

"Nitaleta dume kubwa," alisema Kailemia. "Njoki, nitaleta dume kubwa kabisa." Alilia njiani mchana kweupe, mtu mzima na kofia yake ngumu kichwani. Miiba mgongoni ilikuwa bado mingi, ila hakuisingizia. Njoki akakaa nyuma yake, akaugeuza mgongo wa mumewe kwenye mwanga, akaendelea kung'oa.