Mishipa Si Mabomba

Katika maabara ya jeshi kule Maryland, msaidizi Thibodeaux, askari wa zamani, alikaa mkabala na daktari mmoja mtengeneza protini kwa muda mrefu, hata akaijua hali ya kazi kwa miluzi yake. Seli zikistawi, mtu yule alipiga mluzi wa harusi. Zikifa, alitafuna kimya kimya sandwichi yake ya nyama ya kaa. Kabla ya kushika chupa alipasha viganja kwapani, eti seli hazipendi baridi. Protini yake ilikusudiwa kuamsha uboho ndani ya mifupa utoe upesi chembe za kugandisha damu, askari aliyejeruhiwa asivuje hadi kufa. Siku moja Kanali Hathaway akaingia mbio.

"Nasikia inafanya kazi! Vijana wangu wanaisubiri."

"Inafanya kazi kupita kiasi. Imewagandishia panya damu mapafuni."

"Panya tu, Daktari!"

"Na vijana wako wana mishipa, Kanali, si mabomba," Daktari akajibu akicheka, huku akiimwaga protini yote kwenye dawa ya kuua vijidudu.

Kanali akaondoka akibamiza mlango. Thibodeaux, ambaye vitani rafiki yake alivuja damu hadi kufa mikononi mwake, aliendelea kuosha chupa bila kumtazama Daktari.

"Umenikasirikia, bwana?" Daktari akamwuliza.

"Kidogo."

"Afadhali kidogo. Haya, nipe chupa tupu, tuanze upya."