Wiki Yetu Msituni, Juu ya Mghange

Mwezi uliopita tulialikwa arusi Mghange, na kabla ya kushuka kurudi Voi nikamwomba mume wangu akate kona, aifuate ile njia ya udongo inayoingia msituni. Alidhani nataka kupiga picha. Nilikuwa naitafuta nyumba ya mbao. Tulipofika mahali nilipokuwa na hakika napo tulikuta nyasi zimefika magotini na mawe ya msingi yaliyozama ardhini. Mwanamke aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe alituambia mbao zilikwisha kubebwa zamani. Nyingine zikajengewa zizi. Nikasimama pale nikinusa ile harufu ya udongo wa msituni, mume wangu akinisubiri garini.

Sisi ni watu wa Voi mjini. Baba alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, nasi tukiishi nyuma yake. Wewe uliyewahi kukaa Voi hata kwa msimu mmoja utanielewa nikisema vumbi lile jekundu tulilinywa na chai. Malori ya barabara kuu yalinguruma kutwa, na shuka zilizoanikwa zilikauka kabla hujamaliza kuzianika. Milima ya Taita tuliiona kila asubuhi, rangi ya buluu, na mawingu yake juu, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na sababu ya kuipanda.

Mwaka tulioipanda, tulikuwa tumemzika mdogo wetu, mtoto wa kiume ambaye hata kutambaa alikuwa hajakuzoea. Homa ilimshika alasiri, na kulipokucha hatukuwa naye. Siku ya hitima, wanawake wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, bibi yetu mzaa baba, tuliyekuwa tukiishi naye, alisema neno moja mbele yao: kwamba mama wa mtoto angeinuka mapema, mtoto angepona. Tangu siku hiyo, mama na mavyaa yake hawakusemezana tena. Walipika jiko moja wakipishana kama wasafiri wasiojuana. Mimi na dada yangu tukawa wajumbe. Bibi angesema, "Mwambieni mama yenu chumvi imekwisha," na mama mwenyewe amesimama palepale, mwiko mkononi. Siku nyingine bibi aliuelekeza uso dirishani akasema, bila kumtaja mtu, kwamba la kuvunda halina ubani. Na jina la mdogo wetu halikutajwa tena nyumbani.

Baba hakuwa mtu wa maneno. Likizo ya Agosti ilipofika alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya ila siku za Idi, akatuambia amekodi nyumba msituni kwa wiki moja. Ilikuwa ya wapasua mbao zamani, na sasa jirani mmoja wa huko, mwanamke wa makamo, aliitunza na kuikodisha kwa watu wanaotaka hewa baridi. Baba akaazima pikapu ya rafiki yake. Mama alifunga mablanketi yote ya nyumba. Bibi akabeba nazi kapu zima pamoja na mbuzi ya kukunia, akisema watu wa milimani wana kila neema, ila nazi Mungu hakuwapa.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na mahali pamoja pa moto, mafiga matatu katikati ya sakafu ya udongo. Mbao za ukuta zilikuwa zimeachana, na asubuhi ukungu uliingia ndani kama mtu wa nyumbani. Kima waliruka juu ya mabati wakituamsha. Maji ya chemchemi yaliyaumiza meno. Kila siku jirani alituletea maziwa na kutusalimu kwa Kidawida, akicheka tulivyobabaika kujibu, na ndiye aliyetuonjesha kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, kikiwa bado kinatoa moshi. Bibi alivaa koti la baba juu ya buibui lake. "Baridi ya huku haina adabu," alikuwa akisema, "inaingia bila hodi." Tulitoka nje ili tucheke. Hata hivyo yeye na mama walikaa kwenye moto ule mmoja, magoti yakikaribia kugusana, na kila mmoja aliyatazama mafiga.

Siku moja baba alishuka na gari kutafuta unga na mafuta ya taa. Mvua ikaja nyuma yake, nzito, na ile njia ya udongo ikageuka utelezi mtupu. Adhuhuri ilinikuta natetemeka. Mama aliniwekea mkono shingoni, na nikaona uso wake unabadilika. Alinilaza kitandani, akanivua sweta, akachovya kanga kwenye maji ya vuguvugu akaanza kunipangusa. Dada alitumwa akimbie kumwita jirani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni.

"Anazidi?" aliuliza.

Mama hakugeuka. "Anazidi, mama."

Bibi akaja akakaa kitandani, akaipakata miguu yangu. Mvua ilipiga juu ya mabati. Kisha nikamsikia akiuliza, taratibu, kama anayeogopa jibu: "Na yule, ulimfanyia hivi?"

"Hivi hivi. Nilimpangusa mpaka mikono ikafa ganzi. Nilikuwa nimekwisha kumfunga mgongoni nimpeleke hospitali. Akanyamaza nikiwa mlangoni."

Bibi akasema, "Mimi nililala. Niliamshwa na kilio chako. Nikatafuta wa kumlaumu, na wewe ndiye uliyekuwa karibu." Akavuta pumzi. "Nisamehe, mwanangu."

Mama alimpa ile kanga aikamue. Bibi aliikamua, akaichovya tena, akanipangusa yeye, na wakaendelea hivyo kwa zamu, machozi yakiwatoka wote wawili bila mtu kuyafuta.

Jirani alipofika alisema ng'ambo ya kilima anaishi muuguzi. Mama alinifunga mgongoni, nami nilikuwa msichana mkubwa wa shule, miguu ikining'inia. Jirani alitangulia, na dada akaachwa nyumbani kwake. Bibi, ambaye nyumbani alilalamikia magoti akienda sokoni tu, alipanda kilima kile kando yetu akitushikilia turubai juu ya vichwa, na yeye akilowa. Muuguzi alisema ni malaria niliyopanda nayo kutoka Voi, akanipa dawa. Jioni baba alirudi akakuta nyumba haina mtu, akaelekezwa na dada kwa jirani, akaja mbio hadi kwa muuguzi, matope mpaka kiunoni. Alinikuta nimelala, na mama na bibi wanakula viazi kwenye sahani moja. Alisimama akawatazama. Kisha akakaa kizingitini akaanza kuvua viatu, taratibu, kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu.

Siku zilizobaki nilizipitisha kitandani, na usidhani nasikitika. Mama na bibi waliketi motoni wakizungumza kutwa. Bibi alisimulia alivyoletwa Voi akiwa bi harusi, akaililia bahari hadi majirani wakadhani amefiwa. Mama alisimulia habari za kwao Malindi. Walimtaja mdogo wetu kwa jina lake, wakabishana alifanana na nani, wakacheka. Mbaazi za nazi zilichemka kando yao, na baba akapasua kuni nyingi kuliko tulizohitaji.

Hatukurudi tena. Kila mwaka baba alisema mwaka ujao, na kila mwaka kulikuwa na duka, na karo, na mvua. Bibi alifariki nikiwa sekondari. Mama alikuwa miongoni mwa waliomwosha, na hakukubali mtu mwingine amshike kichwa. Baba naye alitutoka. Dada yuko Nairobi na tunaonana kwenye simu. Wakati mwingine nafikiri watu hutamani mahali kwa sababu mahali hapafi haraka kama watu, kisha wanapakuta nyasi.

Baada ya arusi ile nilipita kwa mama. Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Nikamweleza kwamba nyumba haipo, lakini karibu na pale pamejengwa nyumba nyingine nzuri za kukodisha, zina vitanda vizuri na maji moto. Tungempeleka likizoni akapumzike. Akauliza kama kima bado wapo. Nikamwambia wapo. Akatoa jiwe moja kwenye mchele, akalitupa uani.

"Nendeni nyinyi na watoto," alisema. "Mimi huko nitazungumza na nani?"