Sababu ya Kufunga Njia

Nianze na hili ili tusisumbuane: kompyuta siiogopi. Watu wakisikia niligombana kwa sababu ya programu ya kupanga treni hudhani mimi ni wale wanaolilia penseli na rula. Sivyo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujifunza programu hiyo katika chumba chetu cha kontrol hapa Nakuru, na nilipowafundisha wenzangu niliwakaripia walipoguna. Penseli nimeishika miaka ya kutosha na sina hamu nayo.

Kutoka Nakuru kupanda magharibi reli ni moja tu. Treni mbili zikitoka pande tofauti, lazima moja ijitoe pembeni ingoje nyingine ipite. Mahali pa kujitoa ni kipande cha reli kinachokwenda sambamba na njia kuu, nasi tunakiita lupu. Zamani tulichora safari za treni kwenye karatasi pana kama meza, mstari huu unapanda, ule unashuka, na pale mistari ilipokatana ilibidi pawe na lupu. Kama hapakuwa na lupu, ulikuwa umepanga ajali. Programu hufanya kazi hiyo hiyo, ila yenyewe haichoki wala haimwagi chai juu ya karatasi.

Sasa, upande wa Rongai kuna kituo kidogo ambacho kimebaki kuta na bati. Stesheni masta aliondoka zamani, lakini lupu ipo, nzima kabisa. Siku ya soko akina mama hutandaza maturubai na kumwaga mahindi na maharagwe juu ya lupu hiyo. Si kando yake, juu yake. Kokoto za reli hupitisha hewa chini ya turubai, kwa hiyo mahindi hayavuti unyevu wa udongo, na malori ya wanunuzi hufika mpaka hapo bila kukwama. Walioanzisha soko hilo walikuwa wake za vibarua wa gengi, wale waliokaza bolti na kubadilisha mataruma. Baba yangu alikuwa mmoja wa gengi hilo, na mama yangu mmoja wa wake hao. Nimelala usingizi wa mchana juu ya turubai lake nikiwa mtoto, treni ikipita njia kuu hatua chache tu kutoka kichwani mwangu, na hakuna aliyeshtuka.

Hatukushtuka kwa sababu kulikuwa na utaratibu. Asubuhi ya siku ya soko, aliyemaliza zamu alimwachia mwenzake kiti akisema, "Leo lupu ni ya akina mama," na mwenzake akajibu, "Ni yao." Basi. Siku hiyo hakuna treni iliyopangiwa kupishana pale. Kama ni kungoja, ilingoja kituo kinachofuata. Hakuna aliyeyaandika maneno hayo mahali popote, na hakuna aliyewahi kuyasahau.

Programu haina masikio ya kusikia watu wakipokezana zamu. Siku ya soko ya kwanza tangu iwashwe, niliona kwenye skrini mstari wa treni ya ngano ukiingia lupu ile wakati soko limejaa. Nilifunga lupu upesi, au tuseme nilijaribu, maana ukitaka kufunga njia lazima uchague sababu kwenye orodha. Ukarabati: programu ikataka uthibitisho wa injinia. Mafuriko: ikataka ripoti ya mvua, na nje jua lilikuwa linawaka. Nikashuka chini ya orodha nikitafuta neno watu. Halikuwepo. Kulikuwa na mifugo. Mifugo haikutaka uthibitisho wowote, kwa sababu nani atamdai ng'ombe uthibitisho? Nikabonyeza hapo, treni ikahamishiwa kituo cha mbele. Wenzangu wakacheka, nami nikacheka, na tangu siku hiyo kila siku ya soko nilifunga lupu kwa sababu ya mifugo.

Mama alikuja kwangu Bondeni Jumapili moja baada ya kanisa. Nilimpa kiti hakukaa. Kitambaa cha kichwani kilikuwa bado kimefungwa vizuri, mkoba uko kwapani.

"Ni ukweli umeniandika ng'ombe?"

Nilijua mara moja ilikotoka. Dereva wa treni akikaribia mahali palipofungwa hupata onyo, pamoja na sababu yake, kwenye kikompyuta kilicho mbele yake. Dereva mmoja alikuwa amesimama sokoni siku yake ya mapumziko kununua maharagwe, akawatania akina mama kwamba kwenye mashine wao ni mifugo.

"Mama, ni mashine tu. Haina jina lingine."

"Sijakuuliza mashine. Nimekuuliza wewe. Umeandika ama hujaandika?"

"Nimeandika."

"Ndio maana siku hizi mnatupigia honi hivyo. Treni ikifika hapo, pooo, pooo, kama tumeingia shamba la mtu. Nikadhani labda dereva ni mlevi. Kumbe ni msichana wangu." Akahamisha mkoba kwenda kwapa lingine. "Mimi nimekusomesha na hayo mahindi."

Ilikuwa kweli kuhusu honi, na sikuwa nimeiwazia. Onyo la mifugo humwambia dereva apige honi kwa nguvu aendelee, maana ng'ombe hukimbia. Nilimweleza Mama kwamba nilifanya hivyo kuwalinda. Nikiandika watu, nilimwambia, wakubwa watasema ni wavamizi wa reli, wataleta askari, na soko litakufa. Ng'ombe hawafukuzwi na mtu. Ng'ombe wanapigiwa honi tu.

"Si waje," akasema. "Watanikuta hapo. Lakini wanikute nikiwa mtu."

Hapo ndipo alipokaa, akaniomba chai. Nilikuwa nimemkasirikia sana. Ni rahisi kusema waje, mtu ukiwa si wewe utakayeambiwa kesho kwamba mama yako amepakiwa kwenye lori la askari. Lakini nilipokuwa nachemsha maziwa hasira ilihama ikaenda kwa ile orodha. Aliyeiandika alikuwa mtu mwenye akili, nimeitumia kazi yake na ninaiheshimu. Alikaa mahali, akafikiria kila kitu kinachoweza kusimama juu ya reli, na akamkumbuka ng'ombe. Nami, niliyelala juu ya reli ile, niliikubali orodha yake nikacheka. Niliapa sitabonyeza neno hilo tena.

Mkuu wetu alikuwa ametumwa kutoka Nairobi, mtu mpole wa kukukaribisha kiti kabla hujabisha hodi. Nilimwambia nataka neno watu liongezwe kwenye orodha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madam, mifugo inatusaidia sisi wote," akasema. "Ukiniandikia watu, hiyo ni trespass, kuvamia reli. Siwezi nikajifanya sijaona. Itabidi nitoe hao wamama. Ndio unataka?"

"Nataka waandikwe vile wako."

"Na ukumbuke mwezi ujao tunachagua mkuu wa zamu, na jina lako lipo."

"Nakumbuka, boss. Na bado nataka."

Alitikisa kichwa akasema ombi hilo hatalipitisha. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba hakuwa mkorofi. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, na kila mwenye busara chumbani mle alinishauri nipitie.

Siku ya soko iliyofuata sikufunga lupu. Niliiacha wazi kwenye programu, na kila ilipopanga treni kupishana pale, niliukataa mpango kwa mkono wangu nikahamisha treni kituo cha mbele. Ukikataa mpango wa programu, treni ile hugeuka nyekundu na jina lako hukaa pembeni, na unapewa nafasi ya kueleza kwa maneno yako mwenyewe. Niliandika: Kuna watu. Nyekundu ya pili: Kuna watu. Mwenzangu wa meza ya jirani aliinama akaninong'oneza, "Wewe, watakufuta." Nikamjibu kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba wafute, maelezo yatabaki. Wiki nyingine nikarudia, na nyingine.

Nyekundu zile husomwa Nairobi. Nairobi ikauliza ni watu gani hao.

Walikuja siku ya soko yenyewe: mkubwa mmoja mwenye kofia ngumu, mkuu wetu, wapimaji wawili, na gari la askari nyuma. Nilikuwa nimesikia wanakuja, nikaomba ruhusa ya siku hiyo na kumwachia mwenzangu kazi ya kuzihamisha treni. Nilivaa fulana yangu ya kazi ya rangi ya machungwa, ile yenye mistari ya kung'aa, nikasimama kando ya turubai la Mama. Mkuu wetu aliponiona alitazama viatu vyake.

"Mathe, nani aliwaruhusu kuuza hapa?" mkubwa akauliza.

"Gengi," Mama akasema, akiendelea kuchagua mawe kwenye maharagwe.

"Gengi gani? Iko wapi?"

"Wengi wamekufa. Sisi ndio tulikuwa tunawapikia."

"Hii ni reli. Treni inaweza kuja hapa saa yoyote iwamalize."

Mama akainua kichwa. "Haijawahi kuja siku ya soko. Uliza huyu, ni yeye huzipanga."

Wote wakanigeukia. Nikamwambia mkubwa haitakuja. Nikamwambia siku ya soko lupu ni ya akina mama, imekuwa yao tangu kabla sijaajiriwa, na kama anataka iwe hatari kweli, aendelee kuwaacha nje ya orodha, maana siku moja kiti changu atakaa mtu asiyewajua, ataona njia tupu kwenye skrini, na atatuma treni.

Mkubwa alitembea lupu yote mpaka mwisho akarudi, akiruka maturubai kwa uangalifu, na nilimwona akisimama mara moja kuutazama umbali uliopo mpaka njia kuu. Askari hawakushuka garini. Aliwaambia akina mama wasogeze maturubai ya upande wa njia kuu, wakasogeza. Kisha wakaondoka.

Msidhani hadithi iliisha vizuri hapo. Kibao cha kuwataka akina mama wahame kimesimikwa kituoni, na akina mama wanaanikia leso zao juu yake. Tunasubiri waje tena, na wakija tutakuwepo. Ukuu wa zamu alipewa kijana wa meza ya jirani, nami nilimpongeza kwa moyo kwa sababu anaufaa. Lakini neno liliongezwa. Nilifika kazini asubuhi moja nikalikuta pale chini ya mifugo, herufi nne, na onyo lake kwa dereva ni tofauti: punguza mwendo, tazama mbele, uwe tayari kusimama.

Siku hiyo ilikuwa ya soko. Mwenzangu alinyanyuka kwenye kiti, akasema, "Leo lupu ni ya akina mama." Nikasema ni yao. Nikafunga lupu, nikachagua watu, na programu haikuniuliza uthibitisho wowote. Treni ya ngano ilipokwisha kupita upande ule kwenye skrini yangu, nilimpigia Mama simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia watu wakibishania bei.

"Imepita?" nikamuuliza.

"Imepita polepole."

"Na honi?"

"Honi ya nini?" Mama akasema. "Ametoa kichwa dirishani, akatusalimia."