Gari Lisilo na Siti ya Nyuma

Mke wangu ndiye aliyelichagua lile gari, ingawa alikufa bila kuliona. Jioni tukiwa kwenye kochi letu pale Kamunyonge, Musoma, mimi nikiangalia mbio za magari kwenye simu, alikuwa anainamia bega langu na kuuliza kwa nini magari mazuri namna ile hayana siti ya nyuma. Nikamwambia siti ni uzito, na uzito unakula spidi. "Basi hilo ndilo letu," akasema. "Sisi huko nyuma tungembeba nani?" Alisema kwa utani na mimi nikacheka. Kisha akainuka haraka kwenda kutazama maji ya ugali ambayo alikuwa ameyabandika dakika hiyohiyo.

Hatukujaliwa mtoto. Miaka ishirini na miwili. Nalisema mapema ili tusizungukane, maana nimeulizwa swali hilo kanisani, kazini, misibani, hadi na kinyozi, na limenichosha.

Alipofariki tulimzika kijijini kwetu, kwenye rasi. Waombolezaji wakala, wakaimba, wakaondoka, nami nikarudi Kamunyonge peke yangu. Mimi ni fundi wa majokofu katika kiwanda cha samaki. Kutwa nasikiliza mitambo ikivuma, na siku nyingine mtu wa kwanza kunisemesha ni mlinzi wa getini wakati natoka. Nilikuwa nanunua sato mmoja, mdogo kuliko wote, na bado nabakiza nusu. Wenzangu wanausimulia upweke kama huzuni. Kwangu ulikuwa hasira. Niliikasirikia hata sahani ya pili kabatini.

Nadhani hasira hiyo ndiyo iliyonipeleka Bunda. Mwuza vipuri mmoja wa Manyamanyama alikuwa na gari la mbio la Kijapani, siti mbili, jekundu lililopauka, amelifunika turubai nyuma ya duka lake. Lilikuwa limetumika barabarani na kwenye uwanja wa mbio huko Nairobi, hadi aliyelileta huku akashindwana na matuta yetu. Mwuzaji akaanza kuniimbia wimbo wake: lilikuwa la daktari, lilikuwa linatoka Jumapili tu kwenda kanisani. Nikamwambia anyamaze kwanza. Nikalala chini na tochi. Tairi zilikuwa zimelika kingo za nje, dalili ya gari lililokatishwa kona bila huruma. Diski za breki zilikuwa na ubluu wa chuma kilichoungua. Chini ya bampa kulikuwa na mahali palipochomelewa na kupakwa rangi harakaharaka. Na nyuma ya siti, kutoka ubavu hadi ubavu, kulikuwa na chuma kinene cha kukinga vichwa gari likipinduka.

"Daktari gani huyo?" nikamwuliza. "Alikuwa anawahi kanisa gani?"

Mwuzaji akacheka hadi akakaa juu ya tairi. Baada ya hapo tulielewana upesi, kwa kuwa mtu aliyekamatwa akidanganya huwa mwepesi. Fedha zilikuwa za kiwanja. Sikuona tena namjengea nani nyumba.

"Nenda mwenyewe ukalijaribu," akaniambia. "Mimi kiuno kinaumaga nikiingia humo."

Nikatoka nalo njia ya Musoma. Kwenye gia ya tatu lilinivuta mgongo hadi kwenye siti, na injini ikaimba vile nilivyokuwa naisikia kwenye simu. Nikageuka kushoto nimwambie mtu. Siti ilikuwa tupu, mkanda umefungwa juu yake ili usigongegonge.

Sasa niseme ujinga wangu. Kwetu Mara gari la mtu mmoja ni gari la ukoo mzima. Linabeba mgonjwa, linabeba bibi harusi, linabeba magunia ya mtama, na siku ikifika linabeba jeneza. Kununua gari la watu wawili ni kama kujenga nyumba bila sebule. Hayo yote nilikuwa nayajua. Lakini nilipofika nyumbani nilimpigia simu shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayeishi na mama yao Mwitongo, Butiama, nikamwambia, "Shemeji, nimenunua gari." Nikasikia akimpasha mama yake, kisha nikasikia vigelegele. Baada ya vigelegele sikupata pa kuanzia habari za siti.

Mara moja nililipeleka kule lilikotoka, kwenye uwanja wa mbio. Nilihangaikia karatasi za kuvuka mpaka wa Sirari, nikaendesha hadi mgongo ukafa ganzi, nikazunguka ule uwanja asubuhi nzima. Siwezi kudanganya, nilifurahi. Nilijifunza kuchelewa kushika breki na kuliacha gari litafute kona lenyewe. Lakini kila nilipotoka nje ya mzunguko niliwaona wenzangu wakipokewa: huyu na mkewe ameshika chupa ya maji, yule na rafiki anampiga picha. Mimi nilivua kofia ngumu, nikaiweka kwenye siti ya kushoto, nikaifunga mkanda. Mtu mmoja akaniuliza kama nimekuja na timu. Nikamwambia wako njiani.

Mama mkwe wangu sijawahi kumpa mkono. Kwetu mkwe anaheshimiwa kwa mbali. Hamketi benchi moja, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja wenu anatafuta kichaka. Salamu zangu alizipokea ametazama kando, na mengi alinijibu kupitia kwa binti zake. Wageni huona ni ukali. Mimi nimekulia humo, na ninajua kwamba unayemkwepa hivyo ni yule tu aliye wako.

Hapo ndipo ilipokaa hofu yangu. Mke akifa bila kuacha mtoto, mwanaume anafungwa na nini ukweni? Wazazi wangu hawapo, ndugu zangu wako Mwanza na shughuli zao. Mwitongo pekee ndiko kulikokuwa kumebaki na jina la kuniita. Kila mwezi nilipokwenda kuwasalimia nilichungulia jambo moja: kama yule mama bado ananigeuzia uso. Siku atakayonitazama na kunipa mkono, kama anavyompa mwuza chumvi anayepita, nitajua nimekuwa mtu baki.

Gari sikuwapelekea. Nililiacha Makutano, kwenye kituo cha mafuta, nikamalizia safari kwa bodaboda. Wakiuliza nawaambia liko gereji. Liliwahi kukaa gereji miezi saba mfululizo, maskini, na halikuwa na ugonjwa wowote.

Kisha shemeji akapiga simu. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ya Musoma imempangia siku ya upasuaji. "Mama amesema mkwe wake amfuate na gari."

Nikamwambia nitakodi teksi nzuri. Akaniwahi. "Shemeji, ameshawatangazia wenzake wa jumuiya kwamba anapelekwa na gari ya mkwe. Unataka nimwambieje?"

Asubuhi ya siku hiyo nikapita Makutano bila kusimama. Kila tuta nililipanda kimshazari na bado gari lilikwaruza. Njia ya kuingia pale nyumbani ina mawe, nikaenda polepole kuliko mtembea kwa miguu, na mlio ukawatoa watu majumbani. Nilipozima injini walikuwa wamesimama akina mama sita au saba wa jumuiya, waliokuja kumwombea mwenzao. Yeye alikuwa katikati yao na fimbo, gauni la kanisani, macho yamefunikwa ukungu mweupe. Alikuwa amegeukia ukuta.

Mama mmoja alilizunguka gari lote, akachungulia dirishani. "Mbona nyuma hakuna kitu?" akauliza. "Sasa mwenzetu atakaa wapi?"

Mtu mzima wa miaka hamsini na minne, nilisimama pale na funguo mkononi, aibu imenijaa hadi masikioni.

Shemeji ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kutazama saa. "Mama, kaa tu hapo mbele," akasema. "Dada alishafariki. Huyu sasa hivi ni mtu wa kawaida tu, ni kama dereva. Halafu macho yenyewe hayaoni, utamwonea wapi aibu?"

Hakusema kwa ubaya, alikuwa anawahi foleni ya hospitali. Lakini sentensi hiyo nilikuwa nimeiogopa miaka mitatu, na ilikuja hivyo hivyo, mbele ya watu, kwa sauti ya kawaida.

Mama mkwe akageuka, akaupapasa ukuta kwa fimbo, akaingia ndani. Tukasikia sanduku likiburutwa. Akakawia. Mmoja wa akina mama akanong'ona kwamba labda amekataa kwenda. Mimi nilikuwa nawaza upande wa pili, kwamba amefuata viatu tu, na atatoka aketi pembeni yangu kama abiria yeyote. Akikataa atabaki kipofu kwa ajili ya ujinga wangu. Akikubali, sina mkwe tena. Sikujua niombe lipi.

Alitoka na kitenge kilichokunjwa. Nilikitambua kabla hajakikunjua: cha kijani, chenye ndege wa njano, kinanuka vidonge vya kufukuzia mende. Nilikileta mimi siku ya mahari, pamoja na blanketi. Kilikuwa hakijashonwa wala kuvaliwa. Akamwelekea binti yake, uso wake umeniacha kando kama siku zote.

"Mwambie mkwe wangu," akasema, "atafute pa kufungia hii katikati."

Niliinama nikajifanya nakagua tairi. Nilikuwa nalia, na sioni sababu ya kuficha.

Kile chuma cha mbio, ambacho tangu nikinunue hakikuwa kimenifaa kitu zaidi ya kunigonga kisogo, nilifunga ncha moja ya kitenge pale. Ncha ya pili nikaifunga kwenye kioo cha ndani. Kitenge kikagawanya gari sehemu mbili hadi kwenye gia. Akina mama wakamshusha mwenzao kwenye siti iliyo chini kama kigoda, wakicheka na kumtania kwamba amepakatwa na ardhi. Shemeji akachukua bodaboda ili apande basi Makutano. Tukaondoka, mimi na yeye na wale ndege wa njano.

Tukakamata barabara kuu.

"Mkwe," akaita. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwenyewe bila kupitisha kwa mtu.

"Naam, Mama."

"Marehemu ndiye angekaaga hapa nilipokaa?"

"Ndiyo, Mama. Hakuliona. Lakini yeye ndiye aliyesema tununue la siti mbili."

Kitenge kikapumua kwa upepo wa dirishani. "Kwa sababu ya kukosa watoto," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nililiaga sana juu ya jambo hilo. Nilikulilia na wewe, siyo yeye tu. Sikuwa na mahali pa kukuambia."

Nikabadilisha gia ambayo haikuhitaji kubadilishwa. Kwa miaka mitatu hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba mimi pia nilililiwa. Kisha sauti yake ikachangamka.

"Hii gari si nasikia inakimbiaga? Mbona tunaenda kama tumebeba mayai?"

Mbele yetu barabara ilikuwa imenyooka na haina mtu. Nikamwambia ashike mkanda. Nikaingiza gia ya tatu, nikakanyaga, na kitenge kikavimba hadi kikanigusa shavu. Upande wa pili nikamsikia akisema "eee" taratibu, kwa sauti ya mtu anayeonja kitu na kuona kina chumvi ya kutosha.

Tulipokaribia mjini trafiki akatusimamisha. Akainama dirishani kwangu. "Mzee, hii pazia ya nini? Kioo chako unakitazamaje?"

"Upande ule yuko mkwe wangu."

Alikuwa ameshaanza kuzunguka gari kwenda dirisha la pili. Akasimama. Akarudi kinyumenyume hadi nyuma ya buti, akageuza uso kule ziwani, na kutoka huko akasema, "Shikamoo, mama." Akaitikiwa. "Nenda, mzee," akaniambia. "Ila polepole."

Hospitalini shemeji alitukuta mlangoni. Muuguzi akaja na kiti cha magurudumu, wakampakia mama mkwe, nami nikasimama upande wangu, nimewapa mgongo kama inavyotakiwa. Walipokuwa wanatengeneza miguu yake nikaona nitumie nafasi hiyo kufungua kitenge nimrudishie, maana ni kitu alichokitunza muda wote ule. Nikakivuta kidogo, na kile chuma kikalia.

"Kiache," akasema.

"Mama, nilitaka nikikunje vizuri."

"Kiache hapohapo, mkwe. Kuna kurudi. Na wakati wa kurudi nitakuwa naona."

Wakamsukuma ndani. Nikakaza fundo, nikaingia garini, nikakaa kumsubiri upande wangu wa kitenge.